Hans Meyer: Safari Tatu, Mshale Mmoja

Kila aliyepita Kidato cha Pili anaikumbuka ile sentensi: vekta ni kitu chenye ukubwa na mwelekeo. Tumeikariri, tumeiandika kwenye mtihani, tumechukua maksi zetu mbili, maisha yakaendelea. Halafu unafika chuo, mwalimu anachora mishale miwili ubaoni, mmoja wa urefu wa tatu na mwingine wa nne, anauliza jumla yake ni nini, na nusu ya darasa inajibu saba kwa sauti ya kujiamini kabisa. Jamani. Tatu na nne zinaweza kuwa saba. Zinaweza pia kuwa tano, na zinaweza kuwa moja. Inategemea kila mshale unaangalia wapi, na hapo ndipo wengi tunaporuka. Wapo waliodisko kwa kuruka hapo.

Badala ya kuchora mishale mingine hewani, nimeona tumfuate mtu mmoja ambaye sisi tunaosoma chini ya mlima huu tunakutana na jina lake kila mara: Hans Meyer, Mjerumani aliyefika juu ya Kibo mwaka 1889 akipandia Marangu. Wapo wasiopenda hata kumsikia, na sababu wanazo, nitazifikia. Ila safari zake tatu za mlimani ni somo zima la vekta, na somo lenyewe lina upande ambao vitabu vya fizikia havifiki.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, kwenye ukoo wa wachapishaji wa vitabu. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeanzisha Bibliographisches Institut, kampuni iliyokuja kutajirika kwa kuchapisha ensaiklopidia kubwa yenye jina la familia. Baadaye kampuni ikahamia Leipzig. Kijana akasoma vyuo vikuu, akazunguka dunia, kisha katika miaka ya 1880 akaingia kwenye uongozi wa kampuni. Kwa lugha yetu ya vekta, huyu ni mtu aliyezaliwa na ukubwa tayari. Pesa ilikuwepo, muda ulikuwepo. Hakuwa mtu wa kusubiri bumu.

Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 1887. Alikuja na baroni mmoja aitwaye von Eberstein, wakapanda. Eberstein nguvu zilimwishia njiani. Meyer akaendelea mpaka akafika kwenye barafu ya Kibo, na hapo barafu ikasema basi. Hakuwa na vifaa vya kupambana nayo. Akageuka.

Sasa tusimame kidogo. Mtu akisafiri namna hii kuna vitu viwili vya kupima, na ni vizuri tuvitenganishe mapema. Kuna umbali, yaani jumla ya hatua zote ulizopiga, kona zote, kurudi nyuma kote. Huo hauna mwelekeo, ni namba tu, ni skala. Halafu kuna mhamo: mshale mmoja ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipo sasa hivi, urefu wake na unakoelekea. Gari la abiria la Moshi kwenda Marangu linafuata barabara ya mashariki hadi Himo, kisha linakunja kushoto kupanda Marangu Mtoni. Dereva atakuambia ni zaidi ya kilomita 35. Kunguru akiruka moja kwa moja kutoka Moshi mjini, ni kama 20 tu. Gari hilohilo likienda na kurudi mara tano, jioni limelala palepale stendi lilipoamkia: umbali ni mamia ya kilomita, mhamo ni sifuri. Nauli ya konda lakini si sifuri, na mafuta yameungua kwelikweli. Hili la mafuta lishikilie.

Safari ya pili ya Meyer ni ya gari hilo. Mwaka 1888 alikuja na mwenzake Oscar Baumann, safari hii na msafara mkubwa, wakaingia kupitia Pangani na Usambara. Walikuja mwaka mbaya. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeanza kujitwalia utawala wa miji ya pwani, na watu wa pwani wakasimama chini ya Abushiri bin Salim. Msafara ukasambaratika. Meyer na Baumann walipokuwa wanarudi kuelekea baharini walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakatoka tu baada ya fidia ya rupia 10,000 kulipwa. Kilimanjaro hawakuiona hata kwa karibu.

Ukichora safari hiyo kwenye karatasi ya grafu unapata mishale mingi: kutoka pwani kwenda bara, kupanda milima, kushuka, kurudi. Ukiiunganisha kichwa kwa mkia, yaani kila mshale unaanzia pale uliotangulia ulipoishia, mshale wa mwisho unarudi kukugongea palepale pwani. Jumla ni vekta sifuri. Hii ndiyo maana halisi ya kujumlisha vekta: huzikusanyi urefu, unazitembea moja baada ya nyingine, halafu unauliza kutoka mwanzo wa ya kwanza mpaka mwisho wa ya mwisho kuna mshale gani. Mtu anaweza kutembea mwezi mzima, akapoteza mali na nusura maisha, mshale huo ukawa hauna urefu.

Mwaka uliofuata akarudi tena. Ukaidi wa huyu bwana lazima tuukubali.

Safari ya 1889 aliibadilisha kwa mambo matatu. Kwanza, alimchukua mpanda milima wa kweli, Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo Salzburg. Pili, hakupita tena Pangani ambako vita vilikuwa vinawaka. Alianzia Mombasa, akafuata njia ya Taveta. Mombasa hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, magharibi ikielemea kidogo kaskazini, na wao bila shaka walitembea zaidi. Tatu, na hili ndilo lililomfikisha, alielewa kuwa shida ya mlima ule haikuwa kupanda tu, ilikuwa chakula. Safari za awali zilikuwa zinafika juu zikiwa zimeishiwa, zinalazimika kushuka hata kama hali ya hewa ni nzuri. Kwa hiyo akapanga kambi kwa ngazi: moja kubwa Marangu, nyingine katikati, nyingine juu kwenye mita kama 4,300, na wapagazi wakawa wanapandisha mahitaji mara kwa mara.

Na hapa ndipo Marangu inapoingia kwa uzito wake. Mangi Marealle alimpokea, na hakumpokea kwa sababu anampenda kwa macho yake ya bluu. Uchagani wakati huo kila umangi ulikuwa na hesabu zake. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mandara, alikuwa na nguvu, Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu zaidi vitani, na Marangu ilihitaji rafiki mwenye bunduki nyuma yake. Marealle alikuwa na mshale wake na Meyer alikuwa na wake. Haikuwa mishale inayoelekea upande mmoja. Mmoja ulielekea kileleni, mwingine ulielekea kwenye ukubwa wa Marangu mbele ya majirani. Lakini vekta mbili hazihitaji kuelekea upande mmoja ili zisaidiane. Inatosha kila moja iwe na sehemu inayoangalia upande wa mwenzake.

Chukua mfano wa hosteli. Watu wawili wanabeba ndoo ya maji, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini. Wakitembea karibu karibu mikono ikiwa wima, kila mmoja anabeba nusu ya uzito. Wakianza kuachana, mmoja huku mwingine kule, kila mkono unavuta juu kidogo na kando kidogo. Ile ya kando ya mmoja inafutwa na ya kando ya mwenzake, ni nguvu iliyopotea bure. Pembe kati ya mikono yao ikifika nyuzi 120, kila mmoja anavuta kwa kani sawa na uzito wote wa ndoo. Yaani watu wawili, na kila mmoja anachoka kama vile yuko peke yake! Hapo ndipo wanapoanza kulaumiana, mmoja anadhani mwenzake anatega. Hakuna anayetega. Ni pembe.

Msafara wa 1888 ulikuwa ndoo ya namna hiyo, pembe zilikuwa kubwa mno. Ule wa 1889 pembe zilikuwa ndogo kiasi cha kutosha.

Waliotajwa kupanda na Wazungu hao wawili ni wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi mmoja na kiongozi wa njia. Wengi waliishia kwenye kambi za chini wakipandisha na kushuka. Aliyebaki nao juu kabisa, kwenye ile kambi ya baridi kali, ni mtu wa Pangani, jina lake Mwini Amani. Aliwapikia, aliwatafutia maji na kuni. Mtu wa pwani, mahali ambapo shuka moja inatosha mwaka mzima, anakaa zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari siku zaidi ya kumi na tano. Hebu lifikirie hilo ukiwa umejifunika blanketi mbili hapo Marangu mwezi wa Julai.

Tarehe 3 Oktoba 1889 kabla ya mapambazuko Meyer na Purtscheller waliondoka kambini kuelekea upande wa kusini-mashariki wa Kibo. Walifika kwenye barafu ambayo Meyer aliipa jina la Ratzel, mwanajiografia wa kwao. Huu ulikuwa ukuta wa mteremko mkali, mgumu na laini kama kioo, na njia ilikuwa moja tu: kuchonga vidato kwa shoka la barafu. Kila kidato kiligharimu mapigo kama 20. Kwenye hewa ile nyembamba, pigo moja tu linatosha kukukata pumzi.

Kwa nini kuchonga? Hapa ndipo fizikia ilipo tamu, tusiikimbie. Chukua mtu wa kilo 70. Uzito wake ni karibu nyutoni 700 na unaelekea chini wima, siku zote, awe amesimama Marangu Mtoni au juu ya barafu. Mweke kwenye mteremko wa nyuzi 30. Ule mshale mmoja wa nyutoni 700 tunaweza kuugawa kwenye vijenzi viwili: kimoja kinafuata mteremko kwenda chini, kingine kinagandamiza barafu moja kwa moja. Cha kwanza ni nyutoni 350. Cha pili ni kama 606. Ukizijumlisha kama nyanya na vitunguu unapata 956, uzito ambao mtu huyu hana. Ukizijumlisha kama vekta zilizo kwenye pembe mraba, kila moja uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe, utafute kipeuo cha pili, unarudi palepale kwenye 700. Ndiyo ile Pithagorasi ya darasa la saba, hakuna uchawi.

Sasa msuguano. Kati ya buti na barafu tuukadirie kuwa sehemu ya kumi ya kani inayogandamiza, na hapo tumekuwa wakarimu. Ni nyutoni 60. Kinachokuvuta chini ni 350, kinachokushikilia ni 60. Unaondoka, na chini yako kuna mamia ya mita.

Kidato kinafanya nini? Hakipunguzi uzito hata kidogo. Hakiongezi nguvu za miguu yako. Kinachofanya ni kugeuza mwelekeo wa pale unapokanyaga: badala ya kusimama kwenye uso ulioinama unasimama kwenye kipande kidogo kilicholala sawa. Kijenzi cha kukuteremsha kinakuwa sifuri, uzito wote unaenda kwenye kugandamiza, barafu inakusukuma juu kwa kiasi kilekile, na wewe umetulia. Ukubwa haujaguswa. Pembe tu ndiyo imebadilika. Mapigo yale 20 yalikuwa yananunua pembe.

Saa zikapita. Mchana wakafika ukingoni, wakaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika nacho kabla ya siku hiyo: Kibo ina kreta, shimo kubwa la mviringo lenye barafu ndani. Na wakaona jambo jingine la kukatisha tamaa. Sehemu ya juu kabisa haikuwa pale walipotokea. Ilikuwa mbele zaidi, upande wa kushoto wao, kwenye ukingo wa kusini.

Vekta iliyobaki ni unakotaka kufika toa ulipo. Kutoa kwa vekta ndiko huko tu, ni kuuliza kutoka hapa nilipo mpaka kule kuna mshale gani. Kwenye ramani mshale huo ulikuwa mfupi. Lakini miguu ilikuwa imekwisha na jua lilikuwa limeshageuka. Wakarudi kambini.

Ukipiga hesabu ya mhamo, tarehe 3 ni sifuri kama 1888. Walilala palepale walipoamkia. Lakini nilisema lile la mafuta ulishikilie. Sifuri ya 1888 haikuacha kitu. Sifuri ya tarehe 3 iliacha vidato kwenye barafu. Kwa hiyo walipopumzika, wakasogeza malazi yao juu zaidi hadi kwenye pango, na wakaondoka tena usiku wa kuamkia tarehe 6, walikuta vidato vingi bado viko. Wakapanda kwa haraka, wakafika ukingoni na muda mkononi, wakageuka kushoto. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Walikuwa watu wa kwanza wanaojulikana kwa maandishi kusimama juu kabisa ya Afrika.

Meyer akachomeka bendera na kupaita mahali pale kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Jina hilo halikubaki. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera yetu kule juu, na sote tunajua panaitwaje leo.

Akachukua na jiwe pia, akampelekea Kaiser. Hata jiwe, bwana.

Kitu kimoja alichopima nataka tukiangalie, kwa sababu kina somo la mwisho la vijenzi. Barometa yake ilimpa urefu wa mita 6,010. Upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952 ulitoa 5,895, ndiyo namba tunayoifundisha hadi leo. Alizidisha mita 115. Si mbaya kwa chombo kinachotegemea mgandamizo wa hewa. Ila barometa, iwe sahihi au si sahihi, inakuambia kijenzi cha wima peke yake. Haijui umekwenda kaskazini au magharibi.

Weka rula kwenye ramani kutoka geti la Marangu hadi Uhuru. Kwa kukadiria utapata kilomita 18 kwenda kaskazini na 18 kwenda magharibi, na kwa wima, kutoka mita 1,879 hadi 5,895, kama kilomita nne. Njia yenyewe ya kutembea, kupitia Mandara, Horombo na Kibo, ni karibu kilomita 36. Tukianza na vijenzi vya chini, 18 na 18 kwa pembe mraba ni mshale wa kilomita 25.5 kuelekea kaskazini-magharibi. Sasa ongeza zile nne za wima. Wengi watasema 29.5. Piga hesabu: ni 25.8 hivi. Kilomita nne za kwenda juu, zile zinazowatapisha watu, zinazowapasua kichwa, zinazowarudisha wengine wakiwa wamebebwa kwenye machela, zimeongeza urefu wa mshale kwa mita 300 tu! Ukitaka kuelewa kwa nini ukubwa peke yake haukuambii safari ilikuwaje, ni hapo.

Na wale waliopanda usiku kutoka Kibo kwenda Gilman's wanaijua ile njia ya changarawe inayokwenda kona kona. Unatembea kushoto, unageuka, unatembea kulia. Vijenzi vya kushoto na kulia vinafutana, vinabaki vile vidogo vya kupanda, kimoja juu ya kingine. Ukiangalia mtu wa mbele yako na tochi yake unaona kama haendi popote. Anakwenda.

Sasa niseme lile la wasiompenda Meyer. Vekta jumla ina tabia moja: ukishaichora, unaweza kufuta mishale yote iliyoizaa na mchoro bado utakuwa sahihi. Kwa fizikia ni jambo zuri, linarahisisha kazi. Kwa historia ni hatari. Kwa miaka mingi dunia ilichora mshale mmoja kutoka Leipzig hadi Kibo, ukaandikwa jina moja, la pili kwa wino hafifu. Wapagazi waliokuwa wanapandisha chakula kutoka Marangu, Mangi aliyetoa ruhusa na watu, Mwini Amani na kuni zake, wote walikuwa ndani ya jumla na hawakuonekana kwenye mchoro. Marangu wanasimulia habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyekuwa kijana wakati ule na akaifanya kazi ya kuongoza wageni mlimani kwa miongo mingi. Kitabu cha Meyer hakimweki kileleni, na wanahistoria wanabishana. Katika sherehe za miaka 100 mwaka 1989 alitambuliwa na kuheshimiwa kama mmoja wa waliokuwemo kwenye msafara. Alifariki mwaka 1996, na familia inahesabu kuwa alikuwa na miaka 125. Mimi kwenye umri siingii. Lakini kwamba Wachagga walikuwa miongoni mwa mishale iliyojumlishwa, hilo halina ubishi.

Halafu kuna mwelekeo wa mshale wenyewe. Meyer hakuwa mtalii. Alikuwa mtu wa siasa ya makoloni, na bendera ile haikuishia kileleni. Abushiri, yule wa fidia, alinyongwa Pangani Desemba 1889, miezi miwili tu baada ya Kibo kupandwa. Machi 1900 Wajerumani wakamnyonga Mangi Meli Old Moshi pamoja na wakubwa wengine wa Kichagga. Marealle, ambaye mshale wake ulikuwa umeshikana na wao kwa muda mrefu, naye mwishowe alijikuta akikimbilia upande wa Waingereza. Pembe kati ya mikono ilikuwa imeshapanuka.

Meyer mwenyewe alirudi Kilimanjaro mwaka 1898 na kukuta barafu imerudi nyuma waziwazi, ndani ya miaka tisa tu. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuliandika jambo hilo. Watafiti wa karne hii wamekadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 ilikuwa imekwisha kufikia 2007, kwa hiyo mwanafunzi anayepanda leo kwa njia ya Marangu anafika ukingoni akikanyaga vumbi na mawe, bila shoka.

Baadaye alikwenda Ekuado kwenye milima ya Andes, mwaka 1911 akazunguka Ruanda na Urundi, na mwaka 1915 akawa profesa wa jiografia ya makoloni Leipzig. Purtscheller alikuwa ameshafariki mwaka 1900 kutokana na majeraha ya mlimani huko Ulaya. Meyer alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929, miaka kumi baada ya nchi yake kunyang'anywa makoloni yote.

Pango lenye jina lake lipo juu kidogo ya Kibo Hut, kwenye mita kama 5,150, na waongozaji huwapumzisha wageni pale usiku wa kilele. Jina lake lipo pia ng'ambo ya pili ya tambarare, kwenye ncha ya juu kabisa ya Mawenzi, mita 5,149. Ile Oktoba ya 1889 yeye na Purtscheller walijaribu kuipanda Mawenzi, wakafika kwenye ncha ya pembeni, wakashindwa. Waliofika kwenye ncha hiyo inayoitwa Hans Meyer ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Meyer hakuwahi kuikanyaga.